Sura ya Saba: Sikio la Kazi

Tarehe 28 Julai 2024, katika uwanja wa Pierre Mauroy karibu na mji wa Lille, Ufaransa, vijana wa Sudan Kusini walijipanga mstari kusubiri wimbo wa taifa lao. Ilikuwa mechi ya kwanza ya nchi hiyo ya mpira wa kikapu kwenye Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico. Ukapigwa wimbo wa Sudan, nchi ambayo Sudan Kusini, yenye mji mkuu Juba, ilijitenga nayo mwaka 2011 baada ya vita vya miongo na miongo. Watazamaji wakazomea, sauti ikakatwa baada ya sekunde kama 20, ukapita muda wa fedheha, ndipo wimbo wenyewe ukasikika. Sudan Kusini ilishinda kwa pointi 90 dhidi ya 79, na waandaaji wakaomba radhi wakisema ni kosa la kibinadamu. Sawa, ni la kibinadamu. Lakini karibu kila meza ya kuchanganyia sauti duniani ina kitufe cha kusikiliza sauti kabla haijatoka nje, na kitufe hicho kiliwekwa kwa sababu binadamu hukosea. Sekunde tatu za hedifoni, kwa mtu anayeujua wimbo wa Juba, zingetosha.

Naanza na kisa hicho kwa sababu suala la sura hii hudharauliwa. Mtu akianzisha redio hutafuta mnara, transmita, maiki nzuri, na jenereta. Hedifoni hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki, na kinachosikika ndani yake huachwa kiwe chochote kile ambacho waya umeleta. Mtangazaji akilalamika huambiwa aongeze sauti. Hoja yangu ni kwamba kuchagua kinachoingia katika masikio ya mtangazaji ni sehemu ya kutangaza, sawa na kuchagua maneno. Uamuzi huo haufai kuachiwa ladha ya anayevaa wala bahati ya anayeunga waya. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Studioni linapita, kwa kuwa mdomo wa mtangazaji hufuata kile sikio lake linachosikia, na mara nyingi hufuata bila mwenyewe kujua.

Tuipeleke hoja hii mahali ambapo itapata taabu. Gumbo iko ng'ambo ya mashariki ya Nile, nje kidogo ya Juba, kwenye barabara ya lami ya kilomita 192 inayokwenda Nimule mpakani mwa Uganda. Malori yanayotoka Mombasa na Kampala hupita hapo, na Kiswahili cha madereva husikika sokoni sambamba na Kiarabu cha Juba. Wasalesiani wa Don Bosco wana parokia pale, ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Desemba 2013 watu waliokimbia makwao wamepata hifadhi katika eneo lao. Sasa tuseme kituo kimoja cha Juba kimeamua kurusha moja kwa moja misa ya sikukuu ya somo wa parokia, tarehe 27 Septemba. Kuna kwaya, kuna ngoma, kuna jenereta nyuma ya kanisa, kuna umati. Fundi mitambo yuko studioni ng'ambo ya pili ya mto. Mtangazaji yuko chini ya mwembe na meza ya plastiki, na juu ya meza kuna kisanduku.

Kisanduku cha mtangazaji si kitu cha ajabu. Kina ukubwa wa kitabu kinene. Juu yake kuna kitufe cha kuwasha maiki hewani, kitufe cha kukohoa, ambacho huzima maiki kwa muda ule tu kidole kimekikandamiza, na kitufe cha kuzungumza na fundi bila msikilizaji kusikia. Kuna nobu mbili za kupandisha na kushusha sauti ya hedifoni. Nyuma kuna matundu ya waya. Ukikigeuza, kwenye vingi vya aina ya zamani utakuta safu ya swichi ndogo mfano wa punje za mchele, ambazo fundi huzisogeza kwa ncha ya kalamu. Vya siku hizi hupangwa kwa programu ya kompyuta. Hapo chini, mahali ambapo mtangazaji hatazami kamwe, ndipo huamuliwa sauti ipi iingie sikio la kushoto, ipi iingie la kulia, na kama sauti yake mwenyewe irudi kwake au isirudi. Swichi zikishapangwa siku ya kwanza, hukaa hivyo miaka. Kisanduku huenda mpirani, huenda msibani, huenda bungeni, na mpangilio ni ule ule aliouacha mtu ambaye pengine alishaacha kazi.

Jambo la kwanza la kuamua ni sauti ya mtangazaji mwenyewe. Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akiingiziwa kelele masikioni hupaza sauti bila kukusudia, na kelele ikikatwa huishusha. Kila aliyewahi kuongea karibu na mashine ya kusaga anaujua ukweli huo, ila Lombard aliupima. Kinyume chake pia ni kweli: mtu akirudishiwa sauti yake mwenyewe kwa nguvu, huongea chini. Maana yake ni kwamba kile kiasi cha sauti yake kinachoingia kwenye hedifoni ndicho kinachompa kipimo cha kuongea. Pale Gumbo, mtangazaji asiyejisikia, mwenye ngoma na jenereta masikioni, atapiga kelele saa nzima na kumaliza koo kabla ya ekaristi. Anayejisikia kupita kiasi atanong'ona, na fundi studioni atahangaika kuipandisha sauti yake pamoja na jenereta yote iliyo nyuma yake. Kwa hiyo ajisikie, kwa wastani. Na ajisikie papo hapo.

Hilo la papo hapo linahitaji maelezo, kwa kuwa hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mtu anapoongea hujisikia kwanza kupitia mifupa ya fuvu lake, bila kuchelewa hata kidogo. Sauti ya hedifoni huja kuungana na hiyo ya mifupa. Ikija imechelewa hata sehemu chache za elfu za sekunde, hizo mbili hugongana na mtu hujihisi anaongea ndani ya pipa. Ikichelewa zaidi, mambo huwa mabaya kwa namna nyingine. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alichapisha matokeo ya kumrudishia mtu sauti yake ikiwa imechelewa, na mtu mzima mwenye ulimi mwepesi akaanza kuvuta maneno, kurudia silabi, kugugumia. Kuchelewa kunakovuruga zaidi ni kwa karibu moja ya tano ya sekunde. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Japani walipata tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kutengeneza kifaa kama bastola kinachomnyamazisha msemaji kwa kumrushia sauti yake mwenyewe iliyocheleweshwa kiasi hicho hicho. Watu walicheka. Lakini yapo matangazo mengi ya nje ambapo mtangazaji amevikwa kifaa hicho kichwani kwa hiari ya kituo chake.

Kwa sababu hesabu ni hii. Setilaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya ikweta ziko umbali wa kilomita 35,786. Sauti ikipanda na kushuka mara moja hutumia karibu robo ya sekunde, na hapo hatujahesabu muda wa vifaa vya kuibana na kuibanua. Simu ya mkononi na intaneti nazo zina ucheleweshaji wao. Basi fundi aliye Juba akimrudishia mtangazaji wa Gumbo matangazo yote jinsi yanavyotoka, sauti ya mtangazaji huenda studioni na kumrudia imechelewa kiasi cha bastola ya Wajapani au zaidi. Daraja la Uhuru linalovuka Nile hapo Juba, lililofunguliwa Mei 2022 kwa msaada wa Japani, lina urefu wa mita 560. Mtu akipiga ukelele upande wa mjini, wa upande wa Gumbo atausikia baada ya sekunde moja na zaidi ya nusu. Wimbi la FM huvuka daraja hilo kwa muda wa karibu sehemu mbili za milioni za sekunde. Kinachomchelewesha mtangazaji si mto. Ni njia ambayo sauti yake imepitishwa.

Dawa yake mafundi wanaijua tangu zamani, na Kiswahili kina neno linaloifaa kuliko lugha nyingi. Tunasema saa tatu kasoro robo. Mtangazaji wa nje apewe programu kasoro yeye: kila kinachokwenda hewani, muziki, mwenzake wa studioni, msikilizaji aliyepiga simu, ila sauti yake mwenyewe imetolewa. Sauti yake aipate kutoka kwenye kisanduku kilicho mbele yake, hatua moja kutoka mdomoni. Mtandao wa vifaa ndani ya jengo moja, ule unaopitisha sauti kwenye nyaya za kompyuta, unaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde tu, muda ambao hewani sauti husafiri sentimita 34; huo hausumbui. Kinachosumbua ni kile kilichokwenda na kurudi. Kwa hiyo fundi anapogeuza kisanduku na kushika kalamu yake, swali la kujiuliza mbele ya kila swichi ni moja: sauti hii imetoka wapi, na imepita wapi?

Hapa wakongwe watanipinga, na wana haki ya kusikilizwa. Walifundishwa kwamba mtangazaji makini husikiliza redio yenyewe: hedifoni iungwe kwenye kipokezi kinachonasa masafa ya kituo, ili asikie kile ambacho mama aliye Gumbo anakisikia. Transmita ikizima, yeye ndiye wa kwanza kujua. Radio Miraya, redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza Juba mwaka 2006, jina lake kwa Kiarabu ni kioo, na hoja ya wakongwe ni hiyo hiyo: jitazame kama unavyotazamwa. Nakubali kwamba kanuni hiyo ilikuwa sahihi kabisa katika enzi yake. Sauti ilipotoka mezani, ikapita kwenye waya hadi kwenye transmita, ikarudi kwa antena, hapakuwa na ucheleweshaji wa kumsumbua mtu. Leo katikati ya njia kuna kifaa cha kidijitali cha kunyoosha sauti, kuna intaneti ya kuipeleka mnarani, na kila kimoja kinaongeza muda wake. Kioo kimeanza kuonyesha uso wa dakika iliyopita. Anayetaka kulinda transmita aweke kipokezi pembeni chenye kengele ya kulia sauti inapokatika, na mtangazaji abonyeze kuisikiliza redio yenyewe wakati wimbo unapigwa, maiki ikiwa imezimwa. Kusikiliza hewani kubaki, ila kuhamie pale ambapo mdomo umefungwa.

Jambo la pili ni sauti ya anayeelekeza, na hili ndilo lenye utamu. Mtangazaji wa Gumbo anatakiwa asikie misa na asikie fundi anayemwambia kwamba zimebaki dakika mbili. Vituo vingi huzichanganya sauti hizo mbili na kuzimimina masikio yote mawili. Mwaka 1953, Colin Cherry wa London aliwasikilizisha watu hotuba mbili kwa wakati mmoja, zote zikisomwa na mtu mmoja. Zilipochanganywa pamoja, wasikilizaji walihangaika, wakarudia mkanda tena na tena ndipo wakazitenganisha. Hotuba moja ilipowekwa sikio la kushoto na nyingine la kulia, walifuata moja bila shida. Kichwa hutumia masikio mawili kama milango miwili. Mpangilio unaotokana na hapo hauhitaji falsafa: sikio moja liwe la programu, jingine liwe la maelekezo. Hilo la pili ndilo naliita sikio la kazi.

Msomaji mwerevu atanigeuzia Cherry mwenyewe. Majaribio yale yale yalionyesha kwamba mtu akifuata sikio moja, lile jingine karibu halimwambii kitu. Walitambua sauti ya mwanamume ilipobadilika kuwa ya mwanamke, lakini lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hawakugundua. Si ndiyo kusema maelekezo yatapotea? Yatapotea, ndiyo, endapo fundi atapiga soga kwenye sikio la kazi. Mwaka 1959 Neville Moray alikuta kwamba kitu kinachopenya sikio lisilosikilizwa ni jina la mtu mwenyewe, na hata hilo halikupenya kwa wote, bali kwa theluthi hivi. Kutokana na hayo napata kanuni mbili. Sikio la kazi likae kimya kabisa mpaka kuna la kusema. Lisiwekewe muziki wala sauti ya umati, kwa kuwa ukimya ukivunjika mtu hushtuka. Na fundi aanze kwa jina, anyamaze kidogo, kisha aseme neno fupi. Huko Juba jambo hili lina uzito wake wa pekee. Si ajabu fundi amesomea Nairobi au amekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na anaelekeza kwa Kiswahili, mtangazaji anaongea Kiarabu cha Juba, na kwaya inaimba Kibari. Masikio yenye lugha tatu hayana nafasi ya sentensi ndefu.

Kuna pingamizi la umaskini. Redio ndogo haina fundi wala mwelekezi. Mtu mmoja anasoma habari, anapiga muziki, anapokea simu. Sikio la kazi la nini? Mimi naona huyo ndiye analihitaji kuliko wote. Sikio lake la kazi liwe la kusikiliza kabla: wimbo unaofuata, sauti ya mahojiano, simu iliyo kwenye laini. Meza nyingi za sauti, ukibonyeza kitufe cha kusikiliza kabla, hukata programu masikio yote mawili, na mtu anakuwa kiziwi wa kituo chake kwa muda huo. Ndiyo sababu watu huogopa kukitumia. Baadhi ya meza zina swichi ya kugawa, programu kushoto na cha kusikiliza kabla kulia. Kama ipo, iwashwe na iachwe hivyo. Aliye na sikio moja kwenye hewa na jingine kwenye kinachokuja hawezi kupiga wimbo wa Khartoum katika sherehe ya Juba. Na huko Juba sauti iliyotoka haichukuliwi kirahisi: Novemba 2016 kituo cha Eye Radio kilifungwa na vyombo vya usalama kwa siku kadhaa, na iliripotiwa kwamba sababu ni kurushwa kwa sauti ya Riek Machar, kiongozi wa upinzani wa wakati huo. Kufungwa kule hakukuwa kosa la hedifoni, wala sisemi kusikiliza kabla kungewaridhisha waliofunga. Nasema tu kwamba anayerusha anapaswa kurusha akijua.

Wapo pia wanaosema hedifoni yenyewe ni kikwazo. Padri anahubiri bila hedifoni, mzee anasimulia bila hedifoni, na sauti zao zina uhai ambao watangazaji wengi wameupoteza kwa kujisikiliza. Hapo nakubali nusu. Mtangazaji aliyekaa ana kwa ana na mgeni studioni, bila simu wala mwenzake wa nje, aziweke mezani amtazame mgeni wake usoni, mazungumzo yatanoga. Lakini maiki inapowashwa, spika za studio huzimwa ili sauti isizunguke na kupiga mluzi. Asiyevaa hedifoni hatamsikia msikilizaji aliyepiga simu kutoka Gumbo, na kipindi cha simu bila kumsikia mpigaji ni dharau. Angalia vilevile kile watangazaji wa mpira hufanya wenyewe bila kufundishwa: husogeza upande mmoja wa hedifoni nyuma ya sikio. Mikono yao imekwisha kugundua kwamba masikio mawili yanataka vitu viwili.

Kuhusu uhuru wa mtangazaji, sina ubishi mrefu. Kiasi cha sauti ni chake. Nobu mbili zipo kwa ajili hiyo, ingawa aliye karibu na jenereta apewe hedifoni zinazofunika sikio lote asije akapandisha sauti hadi kuumiza masikio. Sikio lipi liwe la kazi pia ni lake, na hakuna haja ya kugusa swichi: azivae hedifoni kinyume, kushoto kutakuwa kulia. Chanzo cha sauti tu ndicho kisiwe cha mtu binafsi, maana zamu hubadilishana viti, na anayekuja saa kumi na mbili asubuhi hapaswi kuanza kwa kutafuta sauti ya fundi iko upande gani.

Turudi chini ya mwembe. Kumbuka kwamba huko mitaani msikilizaji wa simu ya mkononi mara nyingi naye ana waya masikioni, kwa sababu kwenye simu nyingi zenye FM waya huo ndio antena. Kila kigugumizi, kila sekunde ya kuyumba, humwingia moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kengele ya misa mtangazaji avae hedifoni zake, awashe maiki kwa majaribio, aseme neno moja fupi lenye ncha, "pa", kisha anyamaze. Akisikia "pa" ya pili, asianze. Amwite fundi aliye ng'ambo ya mto aondoe chanzo hicho, hata kama padri ameshasimama mlangoni na kwaya imeanza.